Kesi ya tumbili, hakimu binadamu

Mwezi wa tano binti yangu alianza kulalamika miguu inamuuma usiku. Si maumivu ya kupiga mayowe. Ni yale ya kuja kitandani kwangu saa saba na kusema, "Mama, magoti," kisha analala hapohapo na kunipiga mateke mpaka asubuhi. Ana miaka sita. Nikampeleka kliniki moja, sitaitaja, akatolewa damu, na baada ya saa mbili tukakabidhiwa karatasi. Katikati ya karatasi, mbele ya alkalini fosfatezi, kimeng'enya kimoja cha kwenye damu, palikuwa na 290, kisha herufi H nyeusi, yaani iko juu, na nyota pembeni. Daktari, kijana mpole mwenye haraka zake, akatuambia ini linaonekana lina shida, tukapige picha ya tumbo, tena leo leo.

"Daktari," nikamuuliza, "hiki kiwango mlicholinganisha nacho ni cha mtoto au cha mtu mzima?"

Aliigeuza karatasi upande wa pili kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Kilikuwa cha mtu mzima. Mifupa inayokua inamwaga kimeng'enya hicho kwenye damu kwa wingi, na mtoto kuwa nacho mara mbili au tatu ya mtu mzima ni jambo la kila siku. Picha hatukupiga. Magoti yaliacha kuuma, yakarudi, yakaacha tena, na suruali za shule zimeshaanza kuwa fupi. Yule kijana sikumlaumu. Ningemlaumu kwa uso gani, na kosa hilohilo nilishalifanya mimi mwenyewe miaka kumi na kitu iliyopita, kwa mtoto ambaye hakuweza hata kusema magoti?

Mtoto huyo alikuwa tumbili.

Niseme kwanza kazi yangu, maana si wote mnaoijua. Mimi ni mtu wa maabara. Sasa niko hospitalini, lakini kwa miaka kumi na mmoja nilipima damu za wanyama wa utafiti, wengi wao tumbili na nyani. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza. Jirani yangu wa mlango wa pili mpaka leo huniuliza, "Mama Zawadi, wagonjwa wako wameamkaje?" Nyumbani Kilifi ndiyo usiseme. Hawe, bibi yangu mzaa mama, aliyemaliza ujana wake akilinda mahindi kwa mawe na debe la kugonga, hakuelewa kabisa kwa nini mtu alipwe mshahara amtunze tumbili. "Wewe unampima kwa sindano," aliniambia, "ningekuwa na nguvu ningempima kwa panga."

Basi tuanze na ile herufi H, inatoka wapi, maana wengi hudhani mashine inajua. Mashine haijui kitu. Mtu fulani, mahali fulani, alikusanya watu au wanyama walioonekana wazima, akawatoa damu, akapanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, akakata asilimia 2.5 za chini na asilimia 2.5 za juu. Zilizobaki katikati, 95 kwa 100, ndizo zikaitwa kawaida. Vitabuni ni viwango rejea. Sisi maabara tunasema renji tu. Mwongozo unaofuatwa na maabara nyingi duniani unataka wazima wasiopungua 120 kwa kila kundi. Kwa 120, wanaokatwa ni watatu juu na watatu chini. Hao sita ni wazima kama wewe, ila wameangukia ukingoni, na kila atakayefanana nao atatiwa nyota.

Tena siku hizi mashine inapima vitu 20 kwa tone moja. Piga hesabu: kama kila kipimo kinasimama peke yake, mnyama mzima kabisa ana uwezekano wa kama 64 kwa 100 wa kutoka na nyota angalau moja. Asiye na nyota hata moja ndiye wa kushangaza.

Mashine yetu ilitengenezwa kwa ajili ya watu. Ilipotoka kwenye boksi ilikuwa na kurasa za mwanamume, mwanamke na mtoto wa binadamu. Wahenga walisema kesi ya ngedere hakimu nyani. Sisi tulikuwa tumemleta ngedere mbele ya hakimu wa mbali zaidi. Nikaona nirekebishe. Nikatafuta kwenye machapisho viwango vya tumbili wazima, nikaviingiza kwa vidole vyangu mwenyewe, Ijumaa moja jioni, huku gari la wafanyakazi likipiga honi getini. Ukurasa nikauita TUMBILI. Umri sikuweka. Nilikuwa na miezi saba kazini na nilijiona mjuzi.

Hamjaona mtoto wa tumbili wa siku mbili? Anazaliwa mweusi, uso wa waridi, masikio yametokeza kama vishikio vya kikombe. Uzito wake ni gramu 300 na kitu, pungufu ya pakiti ya maziwa. Uso unakuja kuwa mweusi baadaye, na manyoya yanageuka taratibu yakawa ya kijivu chenye umanjano kama tunavyowaona barabarani Mtwapa.

Kumtoa damu mtoto kama huyo ni kazi ya watu watatu wasiozungumza. Kizimba kina ukuta wa nyuma unaovutwa mbele. Mama anabanwa polepole, anachomwa ketamini ya msuli, miligramu 10 kwa kila kilo, na baada ya dakika chache kichwa kinalegea na macho yanabaki wazi. Mtoto hamwachi. Amemkumbatia tumboni kwa mikono na miguu, chuchu zote mbili ziko mdomoni kwa pamoja, ndivyo tumbili wanyonyavyo. Unambandua kidole kimoja kimoja. Ukimbandua wa tatu, wa kwanza umesharudi.

Mshipa ni wa paja, pale kinenani. Huuoni. Unaweka kidole, unasikia ateri inadunda, nyembamba kama uzi wa kushonea, unajua vena iko kando yake kwa upande wa ndani. Sindano namba 25, bomba la mililita moja, mkono usitetemeke. Damu yote ya mtoto wa gramu 400 haijazi vijiko sita vya chai. Kanuni inakataza kuvuka sehemu moja ya kumi ya damu hiyo kwa mara moja. Sisi tulichukua mililita moja basi, nusu kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau kwa kuhesabu chembe, nusu kwenye chekundu kwa kemia. Ukichelewa kuitikisa ile ya zambarau, kinafanyika kibonge kidogo kuliko punje ya ufuta, plateleti zinanaswa humo, na mashine inakuambia mtoto hana kitu cha kugandisha damu. Nimewahi kuona mtu akitafuta dawa ya ugonjwa ambao ulikuwa kibonge.

Na kelele. Hili sikufundishwa chuoni, nilifundishwa na mzee wa mabanda. Mtoto akipiga mayowe dakika tano kabla ya sindano, adrenalini inapanda, sukari inapanda, na chembe nyeupe zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa zinasukumwa katikati ya mkondo, unazihesabu nyingi kuliko zilizokuwepo alfajiri. Baadaye kidogo homoni nyingine ya msongo inafanya kinyume kwa limfosaiti, aina moja ya hizo chembe nyeupe: inazipunguza. Kwa hiyo mtoto wa kwanza saa moja na nusu asubuhi na mtoto wa mwisho saa tano, aliyekwisha kuwasikia wenzake wote wakilia, hawawezi kulinganishwa hivihivi. Mzee alikuwa akianza na kizimba cha mwisho wa korido, kilicho mbali na wengine, anaingia na ndoo ileile ya chakula, anaimba kitu cha Kikamba chini chini. Nilidhani ni mbwembwe.

Sasa kosa lenyewe.

Mtoto alikuwa wa kiume, miezi minne, anaruka, anavuta mkia wa mama yake, ananyang'anya ndizi asizoweza kumaliza. Damu ilichukuliwa kwa ajili ya uchunguzi wa kawaida. Karatasi ikatoka na nyota tano: alkalini fosfatezi juu, fosforasi juu, limfosaiti juu, kreatinini chini, globulini chini. Nilipoona tano nilishtuka. Daktari wa wanyama alikuwa safarini. Nikamwandikia ujumbe wenye alama za mshangao nyingi kuliko maneno, naye, akiwa barabarani na akinitegemea mimi, akajibu: mtengeni, mwanzisheni antibayotiki, narudi Alhamisi.

Mzee alisimama mlangoni na ndoo yake. "Binti," akasema, "huyu mtoto hana kitu."

"Mzee, damu inasema."

"Damu inasema nini? Mimi nimemwona asubuhi akinya. Mavi mazuri. Mtoto mgonjwa hachezi na mkia wa mamake, anaukalia."

Tulimtenga siku tatu. Mama aliita usiku na mchana, sauti moja, kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Siku ya pili mtoto akaanza kuhara, jambo ambalo hakuwa nalo kabla ya dawa zetu. Siku ya tatu mizani ilionyesha amepoteza gramu 45, na kwa mwili kama ule hizo si gramu za kupuuzwa. Alhamisi daktari akaingia na viatu vyenye vumbi la safari, akamtazama mtoto, akatazama karatasi, akaniuliza, "Ana umri gani?"

"Miezi minne."

"Na ukurasa huu wa TUMBILI, ni wa umri gani?"

Nilinyamaza. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Mtoto alirudishwa siku hiyohiyo. Mama alimnusa kichwa, akamkagua kidole kwa kidole, masikio, kwapa, akamgeuza, akamtia ziwani. Mzee hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu nilikuta kikombe cha chai mezani kwangu, kimefunikwa kwa sahani.

Nyota zote tano zilikuwa za utoto. Mifupa inayokua, hiyo ndiyo fosfatezi na fosforasi. Kreatinini inatoka kwenye misuli, na mtoto wa miezi minne ana misuli gani? Hizo tatu zimekwisha, hazina hadithi. Limfosaiti na globulini ndizo zenye maneno.

Mtoto wa tumbili, kama wa binadamu, anazaliwa na neutrofili nyingi kwenye damu, zile askari wa kukimbilia vita yoyote bila kuuliza. Kisha ndani ya muda mfupi limfosaiti zinazipita na kutawala utoto wote. Kwa watoto wetu zinabadilishana tena nafasi wakiwa na miaka minne, mitano hivi; tumbili anayefika utu uzima kwa miaka michache hufanya safari hiyo kwa haraka zaidi. Tena karibu zote ni chembe ambazo hazijawahi kukutana na mdudu wa kuzifundisha. Mkubwa ana kumbukumbu nyingi na chembe chache, mtoto kinyume chake. Ukiweka renji ya mkubwa, mtoto yeyote mzima ataonekana anapigana na virusi.

Globulini nayo, yaani protini za damu ambazo kingamwili zimo ndani yake. Wafugaji wote wanajua ndama asiyepata dang'a siku ya kwanza haponi kirahisi, kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili. Anazaliwa mtupu, kinga anainywa. Tumbili hayuko hivyo, wala mtu. IgG, kingamwili kuu ya damu ya mama, inapita kondoni miezi ya mwisho ya mimba, mtoto anazaliwa akiwa na akiba iliyo karibu sawa na ya mama yake. Akiba hiyo inaisha kidogo kidogo, na yake mwenyewe inapanda kidogo kidogo, na katikati kuna bonde. Ukimpima akiwa bondeni utaona kinga iko chini, nawe ukimpima wiki kadhaa mbele au nyuma ungeona kitu kingine. Kingamwili nyingine, IgM na IgA, zinaanzia karibu na sifuri, za mama haziji tumboni. Kwa hiyo "chini" peke yake haina maana. Chini kuliko nani, wa wiki ngapi?

Baada ya hapo nilinunua daftari. Kurasa 96, jalada la bluu, lile la watoto wa shule. Nikachora safu: umri kwa wiki si kwa miezi, uzito wa asubuhi hiyo, jinsia, amezaliwa kizimbani au amekuja na mama kutoka porini, ni wa ngapi kuchomwa siku hiyo, damu ilipatikana kwa jaribio la kwanza au la pili. Safu ya mwisho niliiandika "kulia", na chini yake ndiyo au hapana. Mzee ndiye aliyenishauri hiyo. Alikuwa akipita, anasimama nyuma yangu, anasema, "Huyu alilia. Wewe ulikuwa unatafuta pamba." Nafuta, naandika ndiyo.

Msidhani daftari lilizaa renji. 120 ni wengi mno kwa watoto wa tumbili. Sisi hatukukaribia hata nusu, na ukigawa kwa umri kila fungu linabaki na wachache wa kuhesabu kwa vidole. Wataalamu wa maabara za wanyama waliandika mwongozo wao mwaka 2012 na ninaupenda kwa ukweli wake: ukiwa na chini ya 20 usijifanye una mipaka, orodhesha namba zako zote watu wazione, ukiwa na 20 hadi 40 piga hesabu lakini onyesha ukungu ulio kwenye kila mpaka. Na kuna mtego niliouingia mwenyewe. Mtoto mmoja kupimwa mara sita si watoto sita. Nilikuwa nimewajumlisha, nikafurahi nimefika mbali, mpaka mwanafunzi mmoja wa takwimu akanionyesha kwamba nusu ya "kawaida" yangu ni damu ya ndugu watatu wenye ukorofi mmoja.

Kisha kuna swali la nani mzima. Hili linanisumbua kuliko yote.

Tumbili aliyekamatwa porini anakaa karantini kwanza. Anapimwa kifua kikuu kwa sindano ndogo ya tuberkulini kwenye kope la jicho, inayosomwa kesho yake, keshokutwa na mtondo. Kope likivimba, wote wanajua. (Sisi wafanyakazi pia tulipimwa, maana mara nyingi ni sisi tunaowaambukiza.) Damu yake inakuja na eosinofili nyingi, zile chembe nyeupe za kupambana na minyoo, kwa sababu ana minyoo. Globulini iko juu, kwa sababu ameishi. Na siku moja, kwenye kioo cha damu ya jike mmoja mwenye mtoto mgongoni, niliona ndani ya chembe nyekundu duara kubwa la buluu lenye chembechembe za rangi ya kahawia, na nikamwita kila mtu: malaria! Haikuwa. Ilikuwa hepatosisti, ndugu wa malaria, anayeenezwa na visubi badala ya mbu. Anazalia kwenye ini na kuacha madoa meupe, na kwenye damu anatuma wale wa jinsia tu, wasiozaana humo. Ndiyo maana mnyama hatetemeki wala hachomi homa. Jike yule alikuwa akila vizuri, ananyonyesha vizuri, na kuwapiga wenzake vizuri sana.

Je, aingie kwenye renji? Ukimtoa, unabaki na waliozaliwa kizimbani, wenye damu safi kama maji ya chupa, wasiofanana na tumbili yeyote aliyewahi kuvuka barabara. Ukimwingiza, unasema minyoo ni kawaida. Nilikuwa naandika wote, kurasa tofauti, wino tofauti. Kwa mtafiti anayejaribu chanjo, wa kizimbani ndiye kipimo chake. Kwa daktari aliyeletewa mtoto aliyekutwa kwenye mti mtaani Karen, Nairobi, mama yake akiwa amepigwa na umeme, wa porini. Renji moja kwa kazi zote mbili ni uvivu.

Kwenye CD4 ndipo tumbili anapowachanganya watu kabisa. Hapa Kenya hakuna asiyejua CD4, ile alama ya chembe nyeupe ambayo virusi vya UKIMWI huitumia kama mlango. Shangazi zetu wanaitaja kama uzito wa mtoto. Na tunajua kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano hapimwi kwa hesabu ya mtu mzima: zake ni nyingi kwa asili, ndiyo maana waliangalia asilimia, na 500 ya mtoto wa mwaka mmoja si 500 ya baba yake. Sasa tumbili. Wengi wa porini wana SIV, binamu wa virusi vya UKIMWI, wanaishi nayo na hawaugui. Na mkubwa, hata asiye nayo, ana CD4 chache kiasi kwamba angekuwa mtu ungemwita ofisini na kufunga mlango. Sababu yake ni nzuri: chembe zao zinapomaliza mafunzo na kuwa za kumbukumbu, nyingi zinaivua ile CD4, zinavaa alama nyingine, CD8 ya namna fulani, na zinaendelea na kazi ileile. Virusi vinatafuta mlango, mlango umeng'olewa. Mtoto bado hajavua, chembe zake ni mpya, kwa hiyo CD4 zake ziko juu na zinashuka jinsi anavyokua. Kwa binadamu kushuka huko kunaweza kuwa msiba. Kwa tumbili ni kukomaa.

Mwaka jana kijana aliyechukua meza yangu alinitumia ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku: "Mama Zawadi, dume huyu CD4 yake imekwisha kabisa, nimpigie daktari?" Nikamuuliza umri. Miaka kumi na mmoja. Nikamwambia mwache alale, na wewe ulale.

Mambo haya si ya wanyama peke yao, na wa Kilifi wenzangu mtanielewa. Mwaka 2009 kulichapishwa viwango vya damu vya zaidi ya watu wazima 2,000 wenye afya, kutoka Kigali, Masaka, Entebbe, Nairobi, Kilifi na Zambia. Kabla ya hapo tulikuwa tukipimwa kwa namba za Boston na kwingineko. Ikaonekana neutrofili zetu ziko chini na eosinofili ziko juu, na kwamba watu wazima kabisa walikuwa wakikataliwa kwenye majaribio ya chanjo kwa kuwa na damu ya kwao. Sehemu kubwa ya hizo neutrofili ni urithi tu, ule uleule unaoifungia nje aina moja ya malaria. Nilisoma lile chapisho wakati wa chakula cha mchana na ugali ukapoa. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa, nikiwa chuoni, kwamba chembe zangu nyeupe ni chache na nile mboga.

Zawadi aliniuliza juzi, alipoona daftari la bluu mezani, "Mama, uliwaomba ruhusa?" Nikamwambia hapana. Akauliza kama waliumia. Nikamwambia ndiyo, kidogo, na mama zao walikasirika. Kuna Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 kwamba anayetumia wanyama atafute njia ya kutowatumia, akishindwa awatumie wachache, na hao wachache asiwatese. Kanuni hiyo sisi tuliipigilia misumari ukutani. Daftari likiwa sahihi, mtafiti anayekuja hahitaji kutoboa watoto wengine kumi ili ajue tu mzima anafananaje, na hakuna anayetengwa na mama yake kwa sababu ya Ijumaa ya mtu. Hayo sikumwambia Zawadi. Alikuwa ameshaondoka, amekwenda kupima mkia wa paka kwa rula.

Wameniomba niyaingize madaftari yote kwenye kompyuta, yako manne. Nafanya jioni, kurasa mbili tatu. Mwandiko wangu wa miaka ile ulikuwa wa haraka, 1 na 7 zinafanana, na kuna ukurasa mzima uliolowa chai. Mzee alishastaafu, yuko Machakos, nampigia simu namuuliza, mtoto wa yule jike mwenye sikio lililochanika alikuwa wa uzito gani, ananijibu kwa mnyama alivyokuwa, si kwa gramu: "Alikuwa bado anabebwa chini, hajapanda mgongoni." Hiyo siwezi kuiweka kwenye safu ya uzito. Nimeongeza safu nyingine. Zisizosomeka naziacha wazi. Nimefika ukurasa wa 14.